Kiti cha Mluzi

Sehemu ya tisa

Wiki nzima mmenipigia simu gazetini mkiuliza kama marehemu amefufuka. Fundi baiskeli mmoja amenitishia kabisa kwamba akikuta nimemchezea shere, ataacha kununua gazeti. Tulieni basi, nawaelezeni.

Tulimwacha Bi Sindano asubuhi ya safari, kwenye chumba cha mapokezi cha kampuni ya utalii, kitabu cha wageni kikiwa wazi mapajani. Kidole chake kilikuwa juu ya maneno ya mgeni wa wiki tatu zilizopita: "Dereva wetu Mluzi ni mtu mpole sana. Gari likizima, anapiga mluzi mpaka linawaka." Na Mluzi ni mume wa Bi Sindano, na alizikwa miaka miwili iliyopita.

Ndipo mluzi ukasikika nje.

Sauti tatu zikipanda, moja ikishuka. Kwa miaka kumi na moja huo ndio uliokuwa mlio wa mume kurudi nyumbani, kabla hajagusa komeo la geti. Bi Sindano alikuwa akiusikia anaacha cherehani na kwenda kubandika chai. Leo pia miguu ilitaka kuinuka, akaikataza.

"Huyo mwanangu," akasema mama mkwe.

Bibi huyu alikuwa kwenye kochi pembeni, mkoba magotini, kofia ya jua kichwani tangu alfajiri. Jicho la kushoto mtoto wa jicho alishalifunga, la kulia linafunga. Mluzi alikuwa amemwahidi kumpeleka akawaone tembo, na mauti yakamkuta kabla hajatimiza. Safari hii ilikuwa ya kutimiza ahadi ile kabla giza halijakamilika.

"Mama, kaa kwanza," Bi Sindano akasema.

"Nikae nini na mwanangu ananiita?" Bibi akashika fimbo yake na kutoka.

Huyo wa tatu aliyekuwa akijaza fomu pale mezani ni wifi, dada wa Mluzi, mpimaji wa maabara katika hospitali ya mbali. Ndiye aliyelipanga jambo lote kwa simu. Hata mazishi ya kaka yake hakuyawahi. Alifika siku ya tatu, kaburi limeshakauka. Tangu hapo anatafuta jambo kubwa la kumfanyia mama yake.

"Wifi, mbona umebadilika rangi?" akauliza.

"Dereva wa hili gari anaitwa nani?"

"Sikuuliza. Dereva si dereva tu?"

"Na gari lenyewe ulionyeshwa?"

"Walinitumia picha. Zuri, jeupe, lina paa la kufunguka."

Hapo, msomaji wangu, nakuomba uweke chai chini unisikilize. Mtu akikuonyesha picha ya gari siku ambayo gari lenyewe liko uani kwake, muulize picha imepigwa mwaka gani. Wifi hakuuliza. Wifi aliona zulia la mapokezi, aliona sifa za wageni waliotangulia, alisikia sauti ya meneja yenye asali, akalainika. Tusimcheke, maana wengi wetu ndivyo tunavyonunua.

Wakatoka nje wote wawili.

Ua ulikuwa na mteremko kutoka baraza la ofisi mpaka getini, na ng'ambo ya geti barabara ya malori. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa uso ukitazama geti, injini ikiunguruma taratibu. Chini ya tairi la mbele palikuwa na jiwe kubwa kama tofali.

Dereva alikuwa amewapa mgongo, anapanga maji ya chupa kwenye boksi. Koti lile la kaki Bi Sindano alilijua kabla ya kumjua aliyelivaa. Alilishona yeye, na kiwiko cha kulia alikitia kiraka mara mbili. Baada ya mazishi alilifua, akalipiga pasi, akalirudisha kazini pamoja na kitambulisho cha mumewe, kwa sababu vitu vya kazi hurudishwa kazini na yeye si mtu wa kukaa na mali ya watu.

Dereva akageuka. Paji la uso la Mluzi. Mdomo wa Mluzi. Kifuani, kwenye kamba ya bluu, picha ya Mluzi.

Bi Sindano alisogea hatua moja mbele. Nami nasema kweli, kwa muda wa pumzi mbili aliamini. Alisahau jeneza, alisahau udongo, alitaka tu kumuuliza alikuwa wapi siku zote.

Mama mkwe alikuwa ameshafika. Akanyoosha mkono, akampapasa dereva uso, kidevu, akaishia sikio la kushoto. Sikio lile lina kipande kilichong'atwa na mbwa utotoni.

"Wewe si Mluzi," akasema. "Wewe ni Kitinda."

Kitinda, mtoto wa mwisho wa bibi huyu, shemeji yake Bi Sindano. Nyumbani aliaga kwamba amepata kazi ya gereji mji mwingine. Kila mwisho wa mwezi hupiga simu na kusema kazi ni nzito, nitakuja.

"Shikamoo mama," akasema. "Sikujua kama ni ninyi. Waliniambia wageni watatu tu, majina hawakunitajia."

"Marahaba. Kifuani umevaa nini?"

Kitinda akafunika kitambulisho kwa kiganja. Wifi akauondoa mkono ule, akasoma kwa sauti jina la kaka yake mmoja kwenye kifua cha kaka mwingine. Akarudia kulisoma, halafu akaegemea gari.

"Sina leseni ya kuongoza wageni," Kitinda akasema. "Mkubwa wa hapa akasema ya kaka imelala bure, na sura ni moja. Mlinzi wa lango la mbuga hata haangalii."

"Na huo mluzi?" Bi Sindano akauliza. "Nao uko kwenye kitambulisho?"

Shemeji akamtazama. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Njia yetu inapita pale mtoni alipofia kaka, shemeji. Kila nikifika, gari linazima. Si kwamba nalizima mimi. Linazima lenyewe, katikati ya maji, wageni ndani. Nimejaribu kila kitu ninachokijua kwenye injini. Siku moja nikapiga mluzi wake kwa woga tu, likawaka. Miezi minane sasa ndivyo tunavyovuka."

Bi Sindano hakuwa mtu wa mambo ya mizimu, lakini alilitazama gari vizuri sasa, na alipolitazama akaona kilichokuwa kikimngoja humo siku zote.

Kava za viti. Za kijani, za ngozi ya kuiga, mshono mara mbili pembeni.

Zake.

Miezi mitano baada ya msiba, dalali alimletea viti vitano kwenye pikapu, avivalishe upya. Kazi ilikuwa imeadimika. Aliposhika kiti cha dereva, mchanga ulimwagika kutoka kwenye sponji, mchanga mweupe wa mtoni. Akakiinua, akatazama chini ya ukingo. Palikuwa na mishono mitatu ya uzi mwekundu, alama anayoiweka kwenye kila kazi yake na isiyowekwa na fundi mwingine yeyote.

Alijua mume wake alikuwa amekaa hapo. Alijua pia kwamba siku ya msiba watu waliambiwa gari limeuzwa kama chuma chakavu. Mshonaji mzuri huchana kava ya zamani kwanza, ndipo avalishe mpya, na mwanafunzi anayevalisha mpya juu ya ya zamani Bi Sindano humchapa rula. Siku ile mkono ulikataa kuchana. Akavalisha mpya juu ya ya zamani, akakaza, akafunga, akanyamaza. Tangu hapo kila akishona kitambaa cha kijani uzi unakatika, naye hunyanyuka na kuzunguka chumba akisema cherehani imechoka.

"Wageni wangu, mbona hatupakii?"

Meneja alikuwa barazani, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Akateremka ngazi akitabasamu. Mama mkwe akageuza kichwa upande wa ile sauti.

"Wewe nakujua," akasema.

"Labda kwenye simu, mama."

"Sikai na simu. Wewe ndiye uliyesimama kwangu msibani ukasema kijana alikimbiza gari. Ukasema alikuwa anawahi kurudi. Nimelala na maneno yako miaka miwili."

Tabasamu la meneja likabaki mahali pake, ila macho yakaondoka. Bi Sindano akamkumbuka sasa: ndiye aliyeshika kona ya jeneza, akiwa na miwani myeusi. Wifi yeye hakuwahi kumwona.

"Si kampuni hii," wifi akasema haraka. "Ile ilikuwa na jina lingine. Hawa wana miaka kumi na tano kazini, waliniambia."

"Kampuni ina kumi na tano," Bi Sindano akasema. "Jina lina mingapi?"

Akaenda mlangoni mwa gari. Nembo ya kampuni pale mlangoni, yenye twiga na jua, haikuchorwa, ilikuwa bango la sumaku. Akaingiza ukucha pembeni, akalibandua lote. Chini yake, kwenye rangi nyeupe, palikuwa na kivuli cha herufi zilizokwanguliwa, na jina lilisomeka bila shida. Mumewe alilifanyia kazi jina lile miaka tisa.

Wifi akakaa kwenye ngazi.

"Nilisoma sifa zote," akasema. "Zote, wifi. Moja moja."

"Jamani, biashara hubadilisha jina," meneja akasema. "Gari limefanyiwa matengenezo makubwa. Ukaguzi umefanyika leo hii, fomu iko juu ya dashibodi."

"Jiwe la nini basi?" Bi Sindano akauliza.

"Jiwe gani?"

"Hilo chini ya tairi."

Kitinda akainamisha kichwa. Meneja akacheka, akalipiga jiwe teke mpaka likabingirika pembeni.

"Mazoea ya madereva. Si mnaona? Limesimama."

Kweli, lilisimama.

Na hapo ndipo walipogundua kwamba mama mkwe hayupo kati yao. Walipokuwa wakibishana, bibi alikuwa amepapasa mlango wa nyuma, akapanda kidogo kidogo, akakaa nyuma ya kiti cha dereva na kuweka mkoba wake pembeni kama mtu aliyefika.

"Mama, shuka," wifi akasema. "Hatuendi tena. Nimekosea mimi, nitatafuta wengine."

"Mtatafuta mpaka lini? Jicho langu halina subira."

Bi Sindano akasogea mlangoni. Alijua lililobaki ni lipi.

"Mama, hili ndilo gari lenyewe. Lililomuua. Nimelijua tangu viti vyake vilipoletwa kwangu. Mimi ndiye niliyevifunika, na sikumwambia mtu."

Malori yalipita barabarani, moja, mawili. Alitarajia kulaaniwa, na moyoni alikuwa tayari kuipokea laana yake.

Bibi aliinua mkono, akapapasa kiti kilichokuwa mbele yake, kile cha dereva, juu hadi chini.

"Alikaa hapa?"

"Hapo hapo."

"Basi ndiyo kabisa sishuki," akasema. "Watu walisema mwanangu alikimbiza. Nitapita njia yake, kwenye gari lake, na mdogo wake akiendesha. Nikifa, nitakwenda kumuuliza mwenyewe. Kitinda, panda twende."

Meneja akafungua mikono. "Mmesikia. Mteja ameamua."

Kitinda hakupanda. Hakusogea. Wifi akaanza kulia kwa sauti ndogo, na Bi Sindano akajua kwamba kumvuta bibi kwa nguvu hakutafaa, kwa sababu hakukaa pale kwa ukaidi. Alikaa kwa sababu ya neno moja: "alikimbiza". Neno hilo likiondoka, atashuka mwenyewe.

Ndipo akaukumbuka mfuko.

Mluzi alikuwa mpotezaji wa karatasi. Kila asubuhi kabla ya kutoka, dereva hujaza fomu ya ukaguzi, tairi, taa, breki, akabaki na nakala ya kaboni. Yake ilikuwa ikipotea, akigombezwa. Bi Sindano akamshonea mfuko mdogo kwenye kava, chini ya ukingo wa kiti, mahali ambapo mkono wa dereva unafika na macho ya mtu mwingine hayafiki. Ni yeye na mumewe tu waliojua.

Na kava ile ya zamani haikuchanwa. Kwa uvivu wa huzuni yake ilikuwa ingali pale, chini ya mpya.

Akafungua mlango wa dereva, akakaa. Mara ya kwanza kukaa mahali pale. Akatoa mkasi kwenye pochi, maana mkasi na yeye hawaachani, akaupenyeza chini ya ukingo.

"Wewe mama, unaharibu mali," meneja akasema, akipiga hatua.

Kitinda akasimama mbele yake. "Muache."

Mshono ukaachia. Mchanga ukamwagika viatuni mwake, mkavu na mweupe. Akaendelea. Vidole vikakutana na kava ya zamani, ngumu kwa tope, vikafuata njia viliyoijua, vikaingia mfukoni. Plastiki. Mluzi alikuwa akifunga karatasi zake kwenye plastiki kwa sababu ya mvua.

Akaichana kwa meno. Kaboni ilikuwa imefifia, lakini mwandiko ule angeutambua hata gizani.

"Soma," mama mkwe akasema nyuma yake. "Pumzi yako inabadilika ukipata kitu."

Bi Sindano akasoma. "Breki hazishiki. Pedali inazama mpaka chini. Nimemwambia mkubwa mara mbili. Sitaki kutoka na wageni katika gari hili."

Bibi alivuta pumzi ndefu, akaishusha. Akavua kofia yake ya jua, akaiweka magotini.

"Hakukimbiza," akasema.

"Hakukimbiza, mama."

"Hakukimbiza mwanangu." Machozi yalimtoka kwenye jicho lililofunga na kwenye lililobaki pia. Meneja alikuwa anarudi nyuma kuelekea barazani, simu mkononi.

"Mbona basi alitoka?" bibi akauliza. "Alikataa. Nani alimtoa?"

Chini ya mwandiko wa Mluzi palikuwa na mstari mwingine, wa mkono mwingine. "Breki zimetengenezwa. Gari ruksa kutoka." Na sahihi ya fundi wa gereji, herufi moja yenye mkia uliopinda kama ndoana.

Bi Sindano akainua macho. Juu ya dashibodi ilikuwa fomu ya leo, imebanwa kwenye ubao. Breki, sawa. Sahihi, herufi moja, mkia kama ndoana.

Akamtazama Kitinda kupitia kioo cha mbele. Shemeji huyu alikuwa ameapa msibani kwamba aliacha ufundi kwenye gereji ya kampuni ile siku mbili kabla ya ajali.

Kitinda hakukana. Akavua kitambulisho cha kaka yake shingoni, akakiweka taratibu juu ya boneti.

"Mkubwa alisema nitie sahihi, vipuri vitakuja kesho," akasema. "Msomee, shemeji. Mimi nimeshindwa miaka miwili."

"Mkwe wangu," bibi akasema, "nani ametia sahihi?"

Mzigo huu sasa ukawa wa Bi Sindano peke yake. Mwanamke mzee nyuma yake amerudishiwa mtoto mmoja sasa hivi. Akisoma jina hili, anamnyang'anya wa pili. Asiposoma, atakuwa amevalisha kava nyingine juu ya ile ya zamani. Akafungua mdomo.

Kitu kikalia chini ya gari, tik, kidogo tu, kama kifungo kinachokatika.

Kwanza alidhani nguzo za geti ndizo zinazosogea. Halafu akaona baraza linarudi nyuma, na wifi anainuka kwenye ngazi mikono kichwani. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa juu, imelegea kama kamba. Yeye hajaendesha gari maishani mwake, ila pedali aliijua. Akaikanyaga kwa miguu yote miwili.

Ikazama mpaka chini.

Mbele, ng'ambo ya geti, lori lilipiga honi. Kitinda alikuwa ameshaliokota lile jiwe, amelikumbatia kifuani, anakimbia. Hakukimbilia pembeni mwa gari. Alikimbilia mbele yake, katikati ya boneti na geti, akageuka akalitazama, midomo imekunjamana. Alikuwa anapiga mluzi wa kaka yake.

Huko nyuma mama mkwe alihisi magurudumu yanakwenda. Akairudisha kofia yake kichwani, akajiweka sawa kitini.

"Afadhali, Kitinda amekubali kunipeleka," akasema. "Mwambie asikimbize."